Mama Joto na Kokoto za Mlangoni Kwake

Baada ya miaka ishirini na minane ya kazi, Mama Joto, msimamizi wetu wa tanuru, anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Jina lake halisi lipo kwenye kitambulisho, lakini hata mhasibu hulisahau. Hili la Mama Joto tulimpa sisi wa zamu yake, kwa sababu kila akiingia asubuhi huanza kwa kuuliza, "Joto limefika?" Salamu hufuata baadaye, tena kwa bashasha.

Alianza kama mfungaji wa shehena zinazotoka kwenye majengo yaliyobomolewa: mapaa ya asbesto, mabomba, vipande vya dari. Alivilowesha maji vumbi lisiruke, akavifunga kwenye mifuko na kuvipeleka tanuruni. Hakuhitaji kuelezwa ubaya wa vumbi lile. Baba yake mzazi alikuwa mwezekaji. Alikata asbesto kwa msumeno wa mkono maisha yake yote, na miaka yake ya mwisho alilala ameketi, akiitafuta pumzi, binti akimpepea. Mama Joto alitusimulia habari hiyo mara moja tu, kisha akavaa barakoa na kurudi kazini.

Kwa barakoa hakuwa na mzaha. Siku moja meneja aliingia eneo la mifuko uso wazi, akiongoza wageni. Mama Joto akasimama mlangoni kama komeo. "Mkubwa wangu, pafu halina cheo. Rudi ukavae." Meneja akarudi, akavaa, na tangu siku hiyo akawa yeye ndiye wa kutukumbusha sisi.

Lakini kiwanda hiki kina deni la shukrani kwake kwa jambo jingine. Tanuru letu huchoma asbesto kwa joto la zaidi ya digrii elfu moja, mpaka nyuzi zake hatari zinayeyuka na kupotea. Kinachobaki, kikipoa, ni jiwe jeusi gumu linalong'aa kama kioo. Tulilisaga kuwa kokoto, tukitarajia wajenzi wazigombanie. Hakuja hata mmoja. Mtaani zikaitwa kokoto za sumu. Rundo likapita kimo cha ukuta, tukaambiwa kwamba zisipopata mtumiaji tanuru litazimwa na asbesto itarudi kufukiwa mashimoni.

Mama Joto alikwenda maabara. Alimwomba mpimaji achukue sampuli kila upande wa rundo, chini hadi juu. Majibu yalipotoka, alimwuliza, "Mwanangu, wewe ungemwacha mtoto wako acheze juu yake?"

Mpimaji akampisha kwenye hadubini ajionee. "Ningemwacha, mama. Nyuzi hakuna hata moja."

Wiki hiyohiyo akaomba lori moja, akatandaza kokoto uani kwake, kuanzia getini hadi mlangoni. Mumewe, fundi cherehani, alikataa katakata kuzikanyaga. Akawa anaingia kwa mlango wa jikoni, na majirani wakapata la kusema. Mama Joto hakubishana na mtu. Kila jioni alitoa kiti, akaketi katikati ya kokoto zake akimenya viazi. Aliyeuliza alijibiwa kwa upole. Aliyetaka ushahidi alialikwa kiwandani. Walikuja wachache, kisha wengi, kisha karibu mtaa mzima. Mpimaji wetu nusura akaukiwe na sauti.

Mvua zilipoanza, njia ya mtaa ikageuka tope la kumeza viatu, ila ua wa Mama Joto ulikuwa mkavu. Wa kwanza kusalimu amri alikuwa mumewe, viatu mkononi. "Haya mke wangu, umeshinda," alisema, majirani wakaangua kicheko. Mwezi uliofuata kamati ya mtaa ikaomba kokoto za kujengea njia yao, na nyuma yao wakaja wajenzi wa barabara. Rundo likaisha. Leo tuna matanuru matatu, na wanaozitaka hupanga foleni.

Mama yetu, kwa kazi yako, kwa ukali wako wa upendo na kwa ujasiri ulioutandaza mlangoni kwako, ahsante. Mumeo ametuomba tusikupigie simu asubuhi, nasi tumekubali, ingawa kwa shingo upande. Lala mpaka jua likuchungulie dirishani. Afya iwe yako, nyumba yako isikaukiwe vicheko, na siku zako zote zilizobaki ziwe nyepesi.