Dokta Mbu na Fundi Cherehani

Siku ya tatu baada ya kumzika Dokta Mbu, tulirudi kwenye benchi letu mkabala na lango la maabara ya wadudu. Tulikuwa Kinyozi, Spana wa baiskeli, Mama Kahawa, na mimi mlinzi wa lango hilo. Marehemu alikuwa mtafiti, mtu mpole wa miaka hamsini na moja, hakuoa. Miaka sita alimpenda fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ulijua.

KINYOZI: Kisomo kilimponza. Ukijaza kichwa, ulimi unakauka.

SPANA: Kisomo wapi! Ni hadubini. Miaka ishirini jicho moja limefumbwa! Mwanamke alikuwa anamwona nusunusu.

MAMA KAHAWA: Nyie, kaburi halijakauka.

KINYOZI: Basi ni zile dawa. Kama zinaua mbu, zitaacha maneno? Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone.

MIMI: Inaingiaje hapo?

KINYOZI: Inaingia tu.

Tukacheka, kisha tukaona haya.

SPANA: Mnaikumbuka siku ya karatasi?

Nani aisahau? Zamani Dokta alikuwa akifumua suruali zake mwenyewe ili apate sababu ya kuvuka barabara. Akifika kwa fundi, habari ni mbu: jike ndiye anayeuma, dume anakunywa maji ya maua tu, na huyo jike anavyofuata pumzi ya mtu gizani. Sisi huku tumejishika vichwa. Ndipo nikamkalisha nikamwambia, "Kaka, mwanamke haambiwi wadudu. Mwambie amependeza." Akaandika kwenye karatasi, akakariri siku mbili. Akavuka, akasimama mlangoni, akasema, "Dada, umependekezwa."

Fundi akauliza, "Na nani?"

Dokta akatimua mbio. Tulicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo hakuvuka tena. Miaka miwili alipita ameinamisha kichwa, mpaka homa ya mapafu ilipomchukua ndani ya wiki moja.

MAMA KAHAWA: Haya nyamazeni, huyo anakuja.

Kweli, fundi cherehani alikuwa anavuka, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Hakuwahi kufika kwenye benchi letu. Kinyozi akampisha.

FUNDI: Poleni na msiba, kaka zangu.

KINYOZI: Tumeshapoa, dada. Pole na wewe.

Mama Kahawa akammiminia. Alikishika kikombe, hakunywa.

FUNDI: Nyie ndio mlikuwa ndugu zake, sina mwingine wa kumuuliza. Yule mtu akiingia dukani nilikuwa nasimamisha cherehani nimsikilize. Tangu mume wangu afariki, hakuna aliyewahi kukaa kunieleza kitu kwa furaha vile. Hata mteja akigomba, nilikuwa namwambia asubiri.

Spana akavua kofia.

FUNDI: Halafu akaacha. Namsalimia, anatazama chini. Nimewaza miaka miwili, sipati jibu. Nilimkosea nini, hata akaacha kuniambia habari za mbu?

Kinyozi akatazama viatu vyake. Mama Kahawa akanitazama mimi. Nikainuka, nikasema nimesikia honi langoni, nikaondoka haraka.

Hapakuwa na gari.