Ruzuku ya Kukaa Benchi

Mgeni rasmi, afisa tathmini na ufuatiliaji wa mfuko unaotoa ruzuku kwa asasi za kiraia, muuguzi mkuu wa hospitali ya macho, wazazi wetu wa kuzaliwa na wazazi wetu wa kupewa hospitalini, majirani wote, na wewe dereva wa mgeni rasmi, uliyekaribishwa meza kuu kwa makosa kwa sababu ya suti yako. Usihame. Umeshapigiwa makofi.

KARIBU

Sisi wanachama wa asasi ya Tupo Nje tunayo furaha kubwa kukupokea, mgeni rasmi. Tunafurahi zaidi kuona nywele zako zimeota zote, tena kwa usawa. Wasiojua kwa nini tunasema hivyo wavumilie kidogo, tutafika huko.

Ukumbi huu tumeazimwa na seremala wa jirani, na meza iliyo mbele yako bado haijamalizwa. Tunakuomba usiiegemee wakati wa hotuba yako.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, asasi hii ilianza kwa uongo, lakini uongo wa heri.

Mwenyekiti wetu ni mama fundi cherehani. Siku hiyo alikuwa amekwenda hospitali ya macho kupimwa miwani, maana alikuwa ameanza kushona mifuko ya suruali kwa nje. Kwenye benchi la varanda akakaa karibu na bibi mmoja aliyekwisha kuvalishwa gauni la upasuaji. Muuguzi akatoka na faili, akauliza, "Bibi, ukimaliza nani atakuchukua?"

"Si nina miguu?" bibi akajibu.

"Miguu unayo, lakini jicho moja litakuwa limefungwa, na lile jingine umetuambia halioni. Bila mtu wa kukuchukua, hatuwezi kukufanyia."

Bibi hakubishana. Alianza kufungua kamba za gauni, moja baada ya nyingine, ili arudi nyumbani na mtoto wake wa jicho. Mwenyekiti wetu anasema hakupanga kusema lolote. Alijisikia tu akisema, "Mimi hapa. Mimi ni mwanawe."

Bibi akageuka, akamkodolea lile jicho lisiloona, akamwambia, "Umechelewa."

Basi bibi akapasuliwa, akapelekwa nyumbani, akapikiwa uji, akalalamika kuwa uji una mabonge. Mwenyekiti akadhani yameisha. Wiki iliyofuata simu ikaita, muuguzi yuleyule. "Wewe mtoto wa yule bibi, kuna mzee hapa naye hana mtu. Huwezi kuwa mtoto wake pia?"

Akawa. Akawa na wa tatu na wa nne, mpaka siku moja daktari akamkuta kwenye varanda, akamuuliza, "Mama, baba anaendeleaje?" Naye bila kufikiri akajibu, "Yupi, daktari?"

Hapo ndipo alipoona mzigo umemzidi, akatuvuta sisi wengine. Kinyozi wa mtaani akawa mweka hazina, na mimi muuza mitumba ninayesoma risala hii nikawa katibu, kwa sababu ndimi niliyekuja na kalamu. Jina tulilipata palepale benchini. Muuguzi alikuwa akifungua mlango na kuita, "Nani yupo nje kwa ajili ya huyu?" nasi tunaitikia, "Tupo nje!"

Kusajiliwa hakukuwa kwepesi. Karani wa usajili alituuliza, "Mnatoa huduma gani?" Tukamwambia, tunakaa. "Mnakaa wapi?" Benchini. "Mkishakaa?" Tunanyanyuka, tunaondoka na mtu. Akaandika "huduma za jamii" na kutuombea kila la heri.

TULIVYOOMBA RUZUKU

Kukaa benchi hakuna gharama kubwa, lakini gharama ipo. Kuna nauli ya kwenda na kurudi na mtu asiyeona, kuna uji, kuna dawa ya matone, na kuna siku nzima ya kufunga kibanda. Tukaamua kuomba ufadhili kama asasi nyingine.

Andiko letu la kwanza lilikuwa na sehemu iliyosema "Eleza tatizo." Tulikaa kikao, kila mwanachama akaeleza lake. Kinyozi akaeleza la mama mkwe wake, kurasa mbili. Mfadhili akajibu kwamba amesoma kwa huzuni, na anatutakia amani katika ndoa zetu.

Mwaka uliofuata shemeji yake mwenyekiti, ambaye amesomea kompyuta, akatushauri. "Shemeji, kuna mfuko unatoa pesa kwa nyuki. Wekeni nyuki."

"Nyuki na mtoto wa jicho vinahusiana nini?" mwenyekiti akauliza.

"Asali. Malizia mwenyewe."

Tukamalizia wenyewe. Tukatengenezewa mzinga na seremala huyuhuyu, tukauweka nyuma ya kibanda cha kinyozi, ambacho ndicho ofisi yetu, tukasubiri nyuki na majibu. Majibu yalikuja: hapana. Nyuki hawakuja kabisa.

Andiko la tatu, mgeni rasmi, ndilo lililotua mezani kwako. Tunajua lilikupa shida. Kwenye "viashiria vya mafanikio" tuliandika: mgonjwa yupo nyumbani. Penye "mkakati wa kujiondoa" hatukuelewa vizuri, tukajibu kwamba ofisi ina mlango mmoja wa mbele, ule wa nyuma umezibwa na mzinga. Na pale palipouliza ruzuku ikiisha tutafanya nini, kinyozi alisema andika tu ukweli: tutaendelea kukaa benchi, maana tulikuwa tunakaa kabla haijaanza.

Ukatuandikia kwamba bajeti yetu imezidi, na kwamba utakuja kutukagua. Ukataja siku. Ukaja siku moja kabla.

SIKU ULIYOKUJA

Mgeni rasmi, baadhi ya waliopo hapa wamesikia habari hii kwa kupotoshwa, kwa hiyo kamati yetu imeona isomwe hadharani ilivyokuwa.

Ulimkuta kinyozi peke yake. Ukamsalimia, ukamwambia, "Nimekuja kuona hali halisi." Kinyozi akakutazama kichwani, akasema, "Hata mimi naiona. Kaa hapa." Ukakaa kwenye kiti cha kunyolea, kwa kuwa ofisi haina kiti kingine, naye akakufunga kitambaa shingoni. Umetueleza baadaye kwamba ulidhani ni utaratibu wa kuwavalisha wageni.

Kinyozi akauliza, "Tupunguze?"

Wewe, ukiwa na bajeti yetu mapajani, ukajibu, "Ndiyo, imezidi sana."

"Juu au pembeni?"

"Kote. Ila msiguse shughuli za msingi."

Kinyozi anaapa mpaka leo kwamba alidhani ndivyo wasomi wanavyoita sharubu. Akawasha mashine. Wewe ulipogundua kinachoendelea, nusu ya kichwa ilikuwa imeshapunguzwa. Ukawa mstaarabu sana, ukasema bora amalize. Hapohapo umeme ukakatika.

Mkiwa mnatazamana kwenye kioo, simu ya kinyozi ikaita. Alikuwa muuguzi. "Kuna mtu hapo? Mzee ameshatoka chumba cha upasuaji, anavaa viatu, na amekasirika."

Mwenyekiti na mimi tulikuwa upande wa pili wa mji, tukimpeleka kwao mama mwingine. Kinyozi akamwambia muuguzi, "Mimi siwezi kutoka, nina kichwa cha mtu hapa."

Wewe ukasema, "Kichwa chenyewe ni changu. Twende wote."

Mkaondoka, wewe umevaa kofia ya sufu ya kinyozi na jua linawaka. Langoni mlinzi akamzuia kinyozi kwa sababu alikuwa na wembe kwenye mfuko wa aproni. Ukaingia peke yako.

Mzee aliyekuwa akisubiri ni mlinzi mstaafu, anayejulikana mtaani kama Mzee Nani Wewe, kwa kuwa hilo ndilo neno alilolitumia langoni maisha yake yote ya kazi. Alikuwa amefungwa jicho moja, na jingine bado lina ukungu. Akasikia hatua zako, akauliza, "Nani wewe?"

"Mimi ni afisa tathmini na ufuatiliaji."

"Sijauliza kazi."

Muuguzi akakupa karatasi ya kumtoa mgonjwa. Penye "uhusiano na mgonjwa" ukaandika "mdau". Muuguzi akakurudishia. "Mdau hatuna. Tuna mwana, mume, mke, ndugu. Wewe ni nani kwake?" Anatuambia kofia ilikuwa inakuwasha, ukakuna kwa kalamu upande ule wenye nywele. Kisha ukasema, "Weka mwana."

Mzee akasema, "Haya mwanangu, shika mkono. Na usinivute kama mbuzi."

Ulimfikisha. Njia nzima ulikuwa ukimwambia "shimo, mzee," naye akikujibu analijua, lilikuwepo kabla wewe hujazaliwa. Chumbani kwake ulikuta ndoo haina maji, ukateka. Jiko halina moto, ukawasha, ukazima, ukawasha tena. Jioni ukampigia mwenyekiti wetu simu, na tunalikumbuka swali lako kwa sababu hakuna mfadhili aliyewahi kutuuliza. Uliuliza, "Sasa kesho dawa ya matone atamwekea nani?"

Umeme ulikuwa umesharudi. Kinyozi alikuambia upite umalizie kichwa. Ukamjibu, "Niko na mzee." Kesho yake ulikuja tena kumwekea matone, ukiwa bado nusu kwa nusu, ukapita sokoni mchana kweupe bila kofia. Sisi wanachama tulikuona. Hatukucheka. Au tuseme, hatukucheka mbele yako.

MAFANIKIO

Mzee Nani Wewe yupo hapa leo, mstari wa mbele. Anaona. Sura yako hajawahi kuiona, maana ulimaliza zamu yako kabla ukungu haujamtoka. Amekataa tumwonyeshe. Anasema alikuwa mlinzi, atakutambua mwenyewe. Tangu asubuhi amemkumbatia dereva wako mara mbili.

Yule bibi wa kwanza naye yupo, na ametuomba tuseme hadharani kwamba baada ya kuona vizuri amegundua mwenyekiti wetu hafagii pembeni.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kuwa mtoto wa kila mtu kuna taabu zake. Kuna mzee ametugawia ugomvi wa shamba na ndugu zake tusiowajua. Kuna mama amemkataza katibu kuoa mpaka amlete mchumba amwone, na sasa anaona kweli.

Lakini changamoto kubwa imekuja mwezi huu. Hospitali imetoa taratibu mpya, na muuguzi mkuu ametueleza kwa masikitiko. Kusema "mimi ni mwanawe" hakutoshi tena. Mtu wa kumchukua mgonjwa awe ndugu mwenye uthibitisho, au atoke kwenye asasi yenye vitambulisho, mafunzo ya kuweka dawa, na usafiri unaojulikana. Sisi hatuna vitambulisho. Usafiri wetu unaojulikana ni toroli la katibu la mitumba.

Wiki iliyopita mwanamke mmoja muuza nyanya alirudishwa akiwa ameshavaa gauni la upasuaji. Tulikuwa pale. Tuliitikia kama kawaida, tukaambiwa tukae. Alipokuwa anafungua zile kamba, mwenyekiti wetu alinyanyuka akatoka nje ya lango. Jana tulimwona yule muuza nyanya sokoni akiwapa wateja chenji kwa kupapasa.

Nayo kamati yako imetuandikia barua. Inauliza kukaa benchi ni shughuli gani inayopimika. Inapendekeza badala yake tuendeshe warsha kuhusu mbinu za kusubiri. Tuko tayari kuhudhuria, hasa kama kutakuwa na chai. Ila tunauliza kwa unyenyekevu: wakati sisi tunafundishwa kukaa, nani atakuwa amekaa?

MAOMBI

Tunaomba vitambulisho. Tunaomba mafunzo ya kuweka dawa, kwa sababu kinyozi amekuwa akimlenga mtu kama anapulizia marashi. Tunaomba bajaji moja, hata iliyochoka, na nauli mpaka ipatikane. Bajeti tumeipunguza kama ulivyoagiza, juu na pembeni, na shughuli za msingi hatukuzigusa.

Tunajua kesho unaingia kwenye kamati, na tunajua huko ndani huamui peke yako. Hatukuombi utupendelee. Tunaomba wakikuuliza kukaa benchi kunapimwaje, uwaambie uliyoyafanya wewe mwenyewe baada ya saa za kazi, na uwaulize wao wangeyaandika kwenye safu gani. Wakicheka ulivyonyolewa, waache wacheke, kisha uendelee.

Mwisho, mgeni rasmi, katibu ameandika hotuba mbili za shukrani, moja ya kukubaliwa na moja ya kukataliwa. Ile ya kukataliwa imetoka nzuri sana, kwa sababu tuna uzoefu nayo. Hii nyingine imekwama kwenye sentensi ya kwanza, hatujui watu huwa wanasema nini. Tunaomba utupe sababu ya kuimaliza.

Mwenyezi Mungu akulindie macho yako na ya wazazi wako, akujalie mtu wa kukushika mkono popote utakapotoka, na umeme usikukatikie katikati ya jambo.

Ni sisi wanao, ndugu zako na wadau wako,

Asasi ya Tupo Nje.