Kadi za Palizi

Wazee, akina mama, nawasalimu. Mkiniona leo nashika jembe na kikundi hiki, msidhani nilizaliwa na adabu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa karani wa kilimo, kalamu mbili mfukoni, na ujuaji wangu ulilaza watu njaa.

Nilitumwa kuandika mavuno ya mtama. Kijiji kimoja juu huku Malaba, kwenye udongo wa kichanga. Kingine chini, kwenye udongo mweusi wa mto Sio. Kila mkulima na kadi yake: amepalilia mara ngapi, amevuna madebe mangapi. Kisha ofisini nikazimwaga kadi zote kwenye meza moja, za juu na za mtoni, nikazipanga upya: waliopalilia mara moja huku, mara tatu kule. Lo! Wa mara moja ndio walivuna zaidi. Nikajiona profesa.

Nikasimama kwenye baraza la chifu. "Acheni kujichosha bure," nikasema. "Palizi moja inatosha."

Mzee mmoja alicheka mpaka akakohoa. Lakini mama mmoja wa huku juu, mjane mwenye watoto wanne, aliniamini. Akapalilia mara moja tu. Ndugu zangu, nawaambia, kayongo, lile gugu la maua ya zambarau, lilimaliza mtama wake wote. Majirani wanavuna, yeye anaomba. Bosi wangu akaninyang'anya baiskeli ya kazi, akanitupia kadi zangu, akanifukuza. Kusema kweli, baiskeli ndiyo iliniuma kwanza. Aibu ilinishika siku nilipopita kwa yule mama nikaona ghala tupu.

Nikaingia kuomba msamaha. Kadi nilizibeba, maana moyoni bado nilikuwa nabisha! Nilimkuta anachambua masuke ya mbegu aliyopewa na majirani, ya kila shamba na fungu lake. Nikamwonyesha kadi. Hakunifokea.

"Mwanangu, hawa wa mtoni wanapalilia mara moja kwa nini?"

"Magugu kwao ni machache, mama. Na udongo wao una rutuba."

"Sasa mbona unanipima na wao? Nipime na jirani yangu."

Weh! Nilikaa chini palepale. Nikatenga kadi kama yeye alivyotenga masuke: za juu peke yake, za mtoni peke yake. Huku juu, wa palizi tatu waliwapita wenzao wa palizi moja. Mtoni, wa palizi tatu walikuwa wachache, lakini nao waliwapita wenzao. Kichanga na kayongo ndivyo viliwafanya watu wa juu wapalilie sana na wavune kidogo, mimi nikalaumu jembe.

Nilirudi kwenye baraza nikasema mbele ya wote, "Niliwapotosha." Msimu uliofuata nilipalilia shamba la yule mama mara tatu, kwa mikono hii.

Nawashukuru ninyi mliomlisha wakati ghala lake lilikuwa tupu, kisha mkanipokea na mimi. Kabla hujampima mtu, uliza kwanza analima udongo gani.

Mama mwenyewe yuko hapa, amejificha nyuma ya leso. Juzi aliniletea debe moja la mtama. Nikasema, "Mama, mimi sistahili."

Akasema, "Chukua. Lakini kwenye kadi yangu andika kwanza: kichanga."