Muuguzi Aliyewapeleka Majirani Kikaoni

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, anastaafu muuguzi mkunga wetu, yule tunayemwita Keti Kwanza. Jina hilo alipewa na wagonjwa. Uje unalia, uje unagomba, uje umebeba mtoto anayechemka kwa homa, neno lake la kwanza lilikuwa hilohilo. Hata mganga mkuu aliwahi kuingia wodini akifoka kuhusu mashuka, akajikuta amekaa kwenye benchi la wajawazito, katikati ya akina mama wawili waliokuwa wakijizuia kucheka.

Alianza kazi hapa akiwa binti mwembamba, wodi ya uzazi ikiwa na vitanda vinne na paa linalovuja. Amepokea watoto, kisha akapokea watoto wa hao watoto, na wote anawaita wajukuu zake. Mume wake, fundi seremala, analalamika kwamba hawawezi kupita sokoni bila kusimamishwa na kila mtu, mpaka nyanya zinamlainikia mkononi.

Lakini watu wa mtaani watamkumbuka zaidi kwa mwaka ule halmashauri ilipotangaza kuifunga wodi yetu na kuwahamishia akina mama hospitali kubwa, ng'ambo ya mto. Kwenye ramani ni karibu. Kwa mama mwenye uchungu, maji yakiwa yamefunika kivuko, ni mbali mno. Wengi wetu tulinung'unika kwenye chumba cha chai, tukaishia hapo. Yeye aliuliza swali ambalo hatukuwa tumelifikiria: uamuzi huu unapitishwa na nani, na wanakaa lini? Akaenda ofisini kwao kuuliza. Akaambiwa kikao ni cha wazi, na mwananchi yeyote anaweza kuomba nafasi ya kusema.

Hakutaka kusema yeye, maana wangemwona anatetea kibarua chake. Basi akitoka zamu alipita nyumba hadi nyumba. Wapo waliomwambia anajisumbua bure, wakubwa wameshaamua. Hakubishana nao; aliwaomba waje wasikilize tu. Waliokubali aliwakusanya kwenye kibanda cha mama mmoja fundi cherehani, akawafanyisha mazoezi: kila mtu aseme jambo moja lililompata mwenyewe, bila matusi, kisha amalizie na anachoomba. Muuza mkaa, ambaye akishika neno haliachii, alikatizwa mara kadhaa hadi akajifunza kufupisha.

Siku ya kikao ukumbi ulijaa. Fundi cherehani ndiye aliyetangulia. Maneno aliyoyakariri yakampotea. Sisi tuliokaa nyuma tulidhani mambo yameharibika. Kisha akasema kwa sauti ndogo: "Wodi ilipofungwa kutengenezwa paa, mdogo wangu alijifungulia kando ya mto, tunangoja maji yapungue. Mtoto hakupona. Nguo nilizomshonea bado ziko kabatini. Naomba msiifunge mpaka tupate daraja." Akaketi. Diwani aliyekuja na hotuba ya kuunga mkono mpango huo aliikunja, akaomba uamuzi uahirishwe.

Kazi haikuisha siku ile. Majirani walichagua watu wachache wa kufuatilia, wakarudi kikao baada ya kikao, hadi mlinzi wa geti akawa anawauliza habari za nyumbani. Wodi ilibaki. Daraja lilichukua miaka, na tukiwa wakweli si zuri sana, lakini linapitika. Mdogo wake fundi cherehani alijifungua tena, salama, hapahapa kwetu, na aliyempokea mtoto ni Keti Kwanza. Siku hiyo tulimwona akitoka kwenda koridoni, akageukia ukutani, akalia.

Mwezi uliopita majirani walikwenda tena halmashauri, safari hii kudai taa za barabarani. Hawakumwambia. Alisikia habari hizo kwa muuza mboga, akaja kazini amejinunisha, eti siku hizi hashirikishwi. Lakini siku nzima alikuwa akiimba korido nzima, na hatukumbuki kumwona na furaha kama ile.

Dada yetu, asante kwa mikono yako na kwa moyo wako. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu ya zamu, na miaka mingi ya raha pamoja na mzee wako.