Therese Kantengwa na Bao la Dakika ya 88

Mama yetu mpendwa, Therese Kantengwa, alizaliwa Kaisho siku ya Jumatano, tarehe 7 Juni 1950, saa kumi na moja alfajiri. Tarehe imo katika cheti chake cha ubatizo, saa nimeipata kwa dada yake mkubwa, Nyirabahire, ambaye tuko naye hapa.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1963, kisha akafanya kazi jikoni kwa masista mjini Bukoba, ambako alijifunza Kiswahili. Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na baba yetu, Pastory Twagirayezu, wakajaliwa watoto wawili, mimi Anonciata, mwaka 1973, na Anatory, mwaka 1976. Mwaka 1978 walihamia hapa Ihanda, wakafanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa hadi walipopata shamba lao.

Januari mwaka huu aliugua figo, akalazwa mara tatu, na Jumamosi, tarehe 14 Juni 1997, saa tisa na robo alasiri, akafariki. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, vibarua wenzake, na ninyi majirani mliombeba kwa machela hadi barabarani mara zote tatu.

Aliniagiza historia yake isisomwe bila habari ya ligi ya mwaka 1986. Msimu ule timu ya mkoa wetu ilipigania kubaki daraja la kwanza, redio ilikuwa ya kwetu tu, na wengi hapa hawakuelewa Kiswahili cha watangazaji, kwa hiyo Mama alisimama uani akiueleza mpira kwanza kwa Kinyarwanda, kisha kwa Kinyambo, hata jirani yetu Mzee Byabato, aliyengoja zamu ya Kinyambo, akiona wenzake wa Kinyarwanda wameshika vichwa, alipiga kelele, "Mama Anonciata, na sisi tufungwe basi!"

Habari zote za timu walizipata kinywani mwake. Jumapili, tarehe 9 Novemba, tulihitaji sare, na dakika ya 88, tukiwa tumefungana bao moja kwa moja, tukafungwa la pili. Mama alizitazama zile nyuso, mpira ulipokwisha akasema ni sare, tumebaki, na Mzee Byabato akacheza ngoma na goti lake bovu.

Asubuhi yake, saa kumi na mbili na nusu, alibeba jembe, tukafuatana, akapita nyumba kumi na moja akisema, "Niliwadanganya, tumeshuka," huku akiogopa kwamba hawatamwamini tena. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mzee Byabato, ambaye aliuliza, "Kwa hiyo goti langu linauma bure?"

"Hapana, Mzee, umecheza mapema tu. Tutapanda."

Mzee akacheka, akavuta kigoda, akataka aambiwe lile bao lilivyoingia. Mama akaweka jembe chini, akamsimulia lote, kwa Kinyambo, bila kupunguza.

Mama, pumzika kwa amani, tulikuamini.