Fomu Isiyojazika ya Opereta wa Simu

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watatu. Surua ilimpofusha akiwa na miaka sita. Hakumruhusu mtu amhurumie kwa hilo, na leo pia msithubutu.

Alianza shule ya msingi ya wasioona mwaka 1979, akamaliza kidato cha nne 1991 akiwa wa tatu darasani, kisha akasomea uopereta wa simu.

Mwaka 1994 aliajiriwa kupokea simu za hospitali kubwa, akadumu hapo miaka ishirini na tisa. Siku moja daktari mmoja alipiga akijifanya mkurugenzi. "Dokta, mkurugenzi hatafuni karanga akiongea," akamjibu, akakata.

Mwaka 2001 alifunga ndoa na mwalimu wa muziki, ambaye naye haoni. Walijaliwa mabinti wawili.

Tarehe 17 Februari 2023 aligundulika na uvimbe kwenye kizazi. Hospitali ileile ikamtumia kwenye simu fomu ya kuomba upasuaji. Wenye macho walijaza, wakachagua tarehe, wakatia sahihi, wakatuma. Yeye alipewa "toleo la wasioona". Karani alikuwa ameondoa visanduku na vitufe vyote, eti lisimchanganye! Simu ilimsomea maswali yote thelathini na moja. Pa kujibu hapakuwepo.

Mdogo wake wa kiume, anayewasomea haya, alimwambia, "Dada, lete nikujazie."

"Wewe nimekubeba mgongoni, leo nikutajie mambo ya kizazi changu? Koma!"

Alipiga simu ofisini mara sita. "Mama, toleo lako si lipo?" wakamwambia.

"Lipo, kama mlango uliochorwa ukutani."

Tarehe 12 Mei maumivu yalimzidi. Mdogo wake akajaza toleo la wenye macho, yeye akitaja majibu huku analia kwa hasira. Alipangiwa tarehe 20 Julai. Alifariki tarehe 9 Julai. Wiki kumi na mbili zilipotea bure, na mdogo wake hatasimama hapa kusema ni kazi ya Mungu.

Jumatano mume wake alitumiwa fomu ya kuchukua mwili. Ikamsomea jina la mkewe vizuri kabisa. Ilipofika kwenye sahihi, ikanyamaza. Binti yake mkubwa ndiye aliyetia sahihi.

Ameacha mume, mabinti wawili, kaka na mdogo wake. Yeye apumzike kwa amani. Wenye fomu ile wasipumzike, hata siku moja, mpaka shemeji yetu aweze kutia sahihi yake mwenyewe.