Risala ya Timu ya Karakana kwa Ngazi, Aliyerudi Akajifungia

Mgeni rasmi, ndugu yetu na mchezaji mwenzetu, Ngazi;
Mkurugenzi wa karakana;
Dada wa mgeni rasmi, ambaye bila yeye leo tusingekuwa na mgeni;
Mafundi, madereva, makondakta, na ninyi majirani mliopanda ukutani kwa kukosa nafasi (shukeni taratibu jamani, ule ukuta hatujaukagua):

KARIBU

Karibu! Karibu tena! Hapa tulikuwa tumeandika "tuna furaha isiyo na kifani", kama risala zote zinavyoandikwa, lakini ulipoinama kupita mlango mdogo wa geti, ule ule uliokuwa ukikugonga kichwa, furaha ikafurika kabla ya karatasi kufunguliwa. Vigelegele umevisikia mwenyewe. Fundi viti, mtu mzima mwenye wajukuu, amerukaruka mpaka kiatu kimoja kimemvuka, na hadi sasa bado hakijapatikana.

Kwa wasionijua, mimi ninayesoma ni mtunza stoo wa karakana hii ya mabasi na katibu wa timu yake ya mpira wa kikapu. Wananiita Mama Stoo. Nimepewa kazi hii kwa sababu wanaume wote walioombwa wasome walisema wana mafua. Mafua gani hayo ya kushika timu nzima siku moja? Wanaogopa kulia mbele za watu, basi. Mimi nikilia nitalia, na kusoma nitaendelea.

Mgeni rasmi, tunakueleza mapema tunachokitaka, usije ukakaa hapo roho juu ukijiuliza utaombwa nini. Hatukuombi fedha. Jezi hatuombi, wala mipira. Tumesikia kwamba tangu ustaafu na kurudi nyumbani umejifungia ndani, huonekani, humtembelei mtu. Jambo hilo limetunyima raha. Ndilo lililotukutanisha leo, na mengine yote utakayosikia yanaelekea huko huko.

HISTORIA YA TIMU, PAMOJA NA KOSA LA CHECHE

Ulikuja hapa kujifunza upakaji rangi. Ulikuwa mwembamba na mrefu, ukisimama juu ya ndoo tu unapaka paa la basi, wenzako wanagombania ngazi. Ngazi ya karakana ilipovunjika, msimamizi akasema, "Ya nini kununua nyingine, si tunayo?" Jina likakukaa. Mama yako mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuja getini siku moja kukutafuta kwa jina lako halisi, na mlinzi wetu, Kufuli, akamwambia hapa hakuna mtu kama huyo.

Uwanja wetu ni huu mnaouona, nyuma ya banda la injini. Nguzo ya kikapu aliitengeneza fundi wetu wa kuchomelea, Cheche, yule pale mwenye shati la kuazima. Mabomba yalikuwa ya hapa hapa na ringi ni ya usukani wa basi lililopata ajali. Cheche akapima urefu kwa usahihi kabisa, kama sheria inavyotaka. Tatizo ni kwamba alianza kupima juu ya zege la kushikilia nguzo, zege lenyewe linafika magotini, na sisi tunachezea chini.

Hatukujua! Tukafanya mazoezi msimu mzima na ringi iliyo juu mno. Mechi yetu ya kwanza ya ugenini, kila mpira tuliorusha ulipita juu ya ubao. Refa alituuliza kama tumekosea mchezo, kwa maana voliboli ilikuwa kesho yake. Tukarudi vichwa chini, tukamuuliza Cheche. Akajibu bila kupepesa macho, "Wale ndio waliopima vibaya." Alipoletewa futi akapima, akapima tena, kisha akaenda kuwasha mashine ili aikate nguzo.

Wewe ndiye uliyemzuia. Ulisimama mbele ya nguzo na brashi mkononi, rangi inadondoka juu ya viatu, ukasema, "Fundi, iache. Tukiizoea hii, kwingine kote kutakuwa kuteremka."

Tukaiacha. Ukatufundisha kurusha mpira uende juu sana, ushuke wima, utumbukie bila kugusa chuma. Msimu uliofuata hakuna timu iliyojua la kufanya na sisi. Unazuiaje mpira unaokushukia kutoka mawinguni? Ndivyo tulivyochukua kombe letu la kwanza na la mwisho. Lipo stoo, nimelijaza misumari, lakini leo nimelisafisha.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ni wewe. Hatuoni haya kusema hivyo, kwa sababu sehemu yake tunaidai kuwa ni yetu.

Watu wa timu kubwa walipokuja kukuchukua ulikuwa na rangi ya njano mpaka kwenye nyusi. Ulipoondoka, karakana nzima ilisindikiza, na mabasi mawili yakachelewa kutoka siku hiyo. (Mkurugenzi, hilo lilikuwa wakati wa mwenzako aliyekutangulia.) Tangu hapo tulikutazama kwenye televisheni ya kibanda cha Kufuli. Antena aliichomelea Cheche kutoka kwenye fremu ya dirisha, na ilishika vizuri mtu mmoja akisimama nje ameishikilia. Tulikuwa tunapokezana. Kuna pointi zako nyingi ambazo fundi umeme hajaziona hadi leo, alizisikia tu kwa makelele yetu, kisha anauliza, "Imeingia? Imeingia?" na mkono wake uko juu ya chuma.

Miaka yote hiyo ulirusha ule ule mpira wa juu. Watangazaji waliushangaa. Na wewe juzi juzi, kwenye mahojiano ya redio baada ya kustaafu, ulipoulizwa umeutoa wapi, ukajibu, "Nadhani nilizaliwa nao."

Lahaula! Tulikuwa tunasikiliza wote, mabasi yamezimwa injini kwa heshima yako. Cheche alitupa spana chini. "Kazaliwa nao? Mpira ule nimeuzaa mimi! Kwa zege langu!" Hakula mchana ule.

Tuseme ukweli, mgeni rasmi: tuliumia. Uliwataja wachezaji wenzako wa timu kubwa mmoja mmoja, huyu alikuwa anakoroma ndani ya ndege, yule alikuwa anakukopesha soksi, na sisi ukatuita "vijana fulani wa kazini." Vijana fulani! Kufuli alizima redio, tukamwambia aiwashe, akaiwasha.

Ndipo mtangazaji akakuuliza, wale wenzako uliocheza nao wanakupigia simu siku hizi? Ukacheka. Tunakijua kicheko chako, na kile hakikuwa chako. Ukasema, "Simu yangu siku hizi inanisaidia kuangalia saa."

Hapo hasira ikatuisha yote. Tulitazamana tukaona aibu, maana katika sisi hakuna hata mmoja aliyekuwa amekupigia. Kila mmoja alijiambia, mtu mkubwa yule, atanikumbuka wapi?

CHANGAMOTO

Risala haikosi changamoto. Za kwetu tunazijua vizuri kwa sababu zinatuuma asubuhi.

Tumezeeka. Dereva wetu, aliyekuwa anakimbia kama anafukuzwa, sasa akivua miwani anampa pasi refa. Kufuli ana kiuno. Fundi viti ana presha, na mkewe humwekea saa ya kupumzika. Ringi nayo imebaki pale pale ulipoiacha, wala mpira haufiki tena. Tunarusha, unafika nusu ya safari, unarudi. Jirani mmoja alituuliza kama tunajaribu kuangusha ndege. Tumemwomba Cheche akate nguzo, amekataa katakata. Anasema, "Aliyesema iachwe ndiye atakayesema ishuke. Mimi nilishakosea mara moja, sikosei mara mbili."

Changamoto nyingine ni hesabu ya watu. Tulikuwa kumi, watano huku na watano kule. Ulipoondoka tukabaki tisa. Walikuja vijana wengi kujaza nafasi, wazuri wengine, tukawapokea, wakahamia kwenye viwanja vyenye ringi ya kawaida. Nani awalaumu? Basi tangu hapo tunacheza watano kwa wanne, na upande wa wanne ndio uliokuwa wako. Kila Jumanne na kila Ijumaa upande huo unafungwa, na kila mara wanasema wangekuwa nawe wangeshinda. Upande wa pili tumechoka kuwasikiliza.

Changamoto kubwa ndiyo hii ninayoisoma sasa, naomba maji kwanza.

Asanteni.

Dada yako alikuja getini. Kufuli hamfungulii mtu asiye na kitambulisho, hata Mkurugenzi analijua hilo, lakini alimtazama dada akamfungulia. Akakaa stoo kwangu, juu ya kreti la betri, chai ikapoa mkononi mwake. Akasema, "Dada yangu, kaka haniudhi, halalamiki, anakula nikimpa. Lakini mapazia hafungui. Nikimwambia twende hata sokoni, anasema goti likipona. Daktari alishatuambia, goti hili halitapona, litazoeleka. Anaona haya kuonekana anachechemea. Anasema watu wanamkumbuka akiwa hewani, acha wamkumbuke hivyo hivyo."

Ngazi, mdogo wangu, hapa naweka karatasi chini kidogo. Haya kwa nani? Kwetu sisi? Sisi tumekuona ukianguka ndani ya pipa la rangi! Tumekuona unatapika kwa woga kabla ya fainali, nyuma ya tairi, na Kufuli amekushikilia kichwa. Sisi hatukukumbuki ukiwa hewani. Hewani walikuona wengine. Sisi tunakukumbuka uko hapa, unacheka, umemvalia Cheche kofia yake ya kuchomelea, unatukosesha kazi. Na kuhusu goti, angalia safu hii ya mbele. Hapa goti lako ndilo changa kuliko yote!

Narudi kwenye karatasi.

MAOMBI

Kabla ya kuomba, tuna jambo la kuungama. Kadi ya mwaliko ilisema umealikwa kuzindua uwanja mpya. Mgeni rasmi, hakuna uwanja mpya. Ni ule ule, na nyufa zake. Utepe ulioukata ni kitambaa kilichobaki kwenye viti vya mabasi, na ule mkasi ni wa fundi viti, anauhitaji kesho asubuhi. Dada yako alituambia ukialikwa kama mgonjwa hutoki, ukialikwa kusalimia hutoki, lakini ukialikwa kwa kazi utakuja, kwa sababu mama yenu aliwalea msikatae kazi. Tukakutafutia kazi. Ukikasirika tutakuelewa, lakini kasirika ukiwa hapa hapa.

Ombi la kwanza: tamka neno moja, ringi ishuke. Cheche ameshawasha mashine, ndiyo huo mngurumo mnaousikia nyuma ya banda. Alishapiga na mstari wa chaki kwenye nguzo, na safari hii amepima kuanzia chini. Tumekagua wote.

Ombi la pili ndilo tulilokuitia. Tunapungukiwa na mtu mmoja. Hatumtaki mlezi wa timu, hatutafuti kocha wa heshima, picha ya ukutani tunayo. Tunamtaka mtu wa kusimama upande wa wanne, Jumanne na Ijumaa, jua likipoa. Si lazima akimbie, maana hapa hakimbii mtu. Akisimama chini ya ringi akapokea pasi, inatosha. Akichoka, kuna benchi. Akishindwa kuja, tutajua, na safari hii tutapiga simu. Tutapiga mpaka uikimbie hiyo simu!

Na kama utasema huwezi, mgeni rasmi, tutakubali, hatutakushika kwa nguvu. Ila tutakuja sisi kwako, wote, na chai yetu, tutakaa sebuleni mwako na kufungua hayo mapazia. Sebule yenyewe dada amesema ni ndogo. Fikiria mwenyewe lipi lina nafuu.

HITIMISHO

Tunamshukuru Mkurugenzi kwa kuturuhusu kusimamisha kazi mchana huu. Basi la njia ya hospitali tulishalitengeneza asubuhi, asiwe na wasiwasi. Tunamshukuru dada kwa moyo wake. Tunamwomba Mungu akupe usingizi mwema, akupe hamu ya chakula, akupunguzie maumivu unapopanda ngazi na unaposhuka, na akufanye uzeeke polepole ukiwa na watu. Atupe na sisi siku za kutosha, tuzimalize pamoja.

Kwa desturi, msomaji akimaliza humkabidhi mgeni rasmi risala kwa mikono miwili, na mgeni huipokea kwa mikono miwili. Leo tunaomba radhi kwa kuvunja desturi. Inuka, ndugu yetu. Hapana, fimbo iache hapo kwa dada, fundi umeme atakushika bega. Risala hii ipokee kwa mkono wa kushoto tu. Wa kulia uache wazi, Cheche anakurushia mpira.

Ni sisi, timu yako,
TIMU YA MPIRA WA KIKAPU YA KARAKANA